Magunia Chini ya Sungura

Wifi akija na mfuko mmoja wa nguo akisema amekuja kupumzika kidogo, mwulize palepale anarudi lini. Zipora hakuuliza. Alimpokea mfuko, akamwekea maji ya kuoga, akamchinjia kuku anayetaga, na hilo ndilo lililomponza. Euphrasia, dada mkubwa wa mumewe, alifika Katoro kutoka Masumbwe watu wakiwa wanapalilia mahindi. Mahindi yakabeba, yakavunwa, yakapukuchuliwa, yakaliwa, na Euphrasia bado alikuwepo, amekalia kigoda mlangoni mwa jiko, akimweleza mwenye jiko kwamba ugali wake una madonge.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ndivyo tulivyofundishwa. Euphrasia jembe alipewa. Aliligeuzageuza mkononi, akalirudisha lilipotoka, akasema udongo wa Katoro si wa kulima.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba viwili na sebule, ya matofali ya kuchoma, Zipora na mumewe Edson wameijenga kwa kujinyima. Chumba kimoja kilikuwa cha kulala, cha pili cha cherehani, maana Zipora ni fundi wa nguo za kike na mikono yake inajulikana mpaka kwao Ushirombo. Euphrasia alipofika, cherehani ilitolewa barazani ili dada wa watu apate pa kujinyoosha. Baraza hilo linatazama barabara. Wanawake wa Katoro si wajinga. Hakuna anayetaka kupimwa kifua mbele ya vijana wa bodaboda wanaosubiri abiria. Wateja wakapungua, mvua ikipiga kwa pembeni cherehani inalowa, na Zipora akabaki na ombi moja tu kwa Mungu, wala hakuona aibu kuliomba: Euphrasia aondoke. Akipenda aondoke na baraka, asipopenda aondoke na radi, ila chumba kirudi.

Kumwambia wazi hakuweza. Mke hamfukuzi dada wa mume, labda awe ameshafunga mizigo yake mwenyewe. Alimwendea Edson, naye Edson ni fundi wa kuchomelea mageti, mtu wa kukubaliana na yeyote aliyeongea mwisho. Zipora akisema, "Baba, dada yako atakaa mpaka lini?" Edson anasema kweli, imezidi. Euphrasia akisema, "Mdogo wangu, mume wangu Maige kaniletea mwanamke mwingine ndani, mimi niende wapi?" Edson anasema kweli, utaenda wapi. Basi ndoa yao ilikuwa hivyo, kama geti lisilo na komeo.

Nyuma ya nyumba, chini ya kipaa cha bati, palikuwa na banda la sungura. Hao walikuwa wa Zipora. Hakuwafuga kwa kuuza wala kwa mchuzi; aliwafuga kwa sababu aliwapenda, na mtu mzima anayempenda mnyama asiyekamuliwa wala kuchinjwa ni lazima awe na majibu tayari. Dume lilikuwa jeusi na zito. Jike la kijivu aliliita Sukari. Zipora na Edson hawakujaliwa mtoto, na jambo hilo lilikuwa halisemwi pale nyumbani mpaka Euphrasia alipokuja kulisema.

Kwetu mwanamke akishazaa, jina lake linakaa pembeni. Huyu Mama Nelly, yule Mama Nasibu. Zipora majirani walimwita Fundi, na lilikuwa jina la heshima. Euphrasia ndiye aliyebuni "Mama Sungura". Alilitoa kwa mara ya kwanza mbele ya wateja, akacheka peke yake, akarudia na kucheka tena mpaka na wengine wakaona wacheke. Zipora alikuwa na mkasi mkononi siku hiyo. Aliendelea kukata kitambaa, akakata vibaya, akalazimika kumnunulia mteja kitambaa kingine.

Sasa tuseme ukweli, maana Euphrasia naye alikuwa na hoja moja. Zipora aliwatandikia sungura wake vizuri kuliko alivyomtandikia wifi yake. Euphrasia alilala kwenye mkeka na godoro lililokonda mpaka ukilala unahesabu nyufa za sakafu. Sungura walibadilishiwa matandiko kila walipoyalowesha. Zipora alikuwa amejaribu kila kitu. Vumbi la mbao kutoka kwa seremala liliwafanya wapige chafya na macho yakawatoka machozi. Pumba za mpunga zilikuwa na vumbi vilevile, na mvua ikinyesha zinavunda. Mfuko wa salfeti ulikuwa mgumu na haunywi kitu, mkojo unatuama juu yake na wanyama wanakaa ndani ya mkojo wao. Yaliyofaa ni majani makavu, yaliyokaushwa vizuri, marefu kidogo, yasiyo na miba wala siafu. Zipora aliyakata mwenyewe, akayaanika, akayapanga chini ya upenu wa nyumba mahali pasipofika mvua.

"Mnyama anatandikiwa," Euphrasia alikuwa akisema, bila kumtazama mtu. "Mtu wa damu ya nyumba hii analala kama gogo. Lolaga! Tazama dunia ilipofika."

"Sungura hajanitoa chumbani kwangu, wifi," Zipora alijibu siku moja.

"Chumba chako? Nyumba amejenga mdogo wangu."

"Bati la chumba hicho limenunuliwa na sindano yangu."

"Sindano," alisema Euphrasia, akasonya kwa muda mrefu kiasi kwamba kuku walinyanyua vichwa.

Hayo yalikuwa matusi ya kawaida, na kwa matusi ya kawaida mawifi wanaweza kuishi mpaka uzee. Kilichowafikisha pabaya ni pamba.

Mwanzoni mwa mvua za vuli Sukari alizaa. Zipora alikuwa amekwenda Ushirombo kumwuguza mama yake, akamwachia Edson maji na majani ya kuwapa sungura. Vitoto vya sungura huzaliwa uchi, vyekundu, macho yamefumba, wala havina ujanja wowote. Euphrasia alichungulia bandani, akaviona vimelala kwenye majani. Kwao Masumbwe wamelima pamba tangu babu. Amelala juu ya pamba, amebebwa juu ya robota za pamba, hajui kitu laini kuliko pamba. Alipasua mto aliokuja nao, akatoa pamba yote, akaijaza kwenye kiota cha Sukari mpaka vitoto vikazama.

Alifanya kwa huruma au kwa kukomoa? Nimewauliza watu wa mtaa ule, na kila mmoja ana jibu lake. Mimi nadhani alifanya kwa huruma, na alipoona imemtoka vibaya akaona heri aitwe mkorofi kuliko mjinga.

Nyuzi za pamba zilijizungusha kwenye vimiguu na vishingo. Vitoto vikihangaika, nyuzi zinakaza. Zipora aliporudi alikuta bonge moja la pamba lenye vitoto ndani yake, miguu imevimba na kuwa myeusi. Alikaa chini na mkasi wake mdogo wa kukatia vifungo, akakata uzi mmoja mmoja. Hakikupona hata kimoja.

"Umeua," alimwambia Euphrasia.

"Nimeua nini? Pamba inaua? Sisi wote tumelelewa kwenye pamba, mbona hatukufa?"

"Umeua, wifi, na unajua."

"Mama Sungura, lia basi. Wachimbaji wanafukiwa na vifusi huku watu wanaendelea kunywa chai, wewe unalilia vipanya vyenye masikio."

Tangu siku hiyo Zipora aliacha kumpa Euphrasia shikamoo. Asubuhi alimwambia "habari za asubuhi", kavu, kama mtu anayemsalimia mpita njia. Asiyejua kwetu atasema ni jambo dogo. Euphrasia lilimchoma kuliko njaa. Alikwenda kwa Edson, akalalamika kwamba mkewe amemvua nguo. Edson akasema kweli, si vizuri. Zipora akasema shikamoo hupewa mwenye ukubwa, si mwenye umri. Edson akasema hilo nalo ni kweli, akaenda zake kuchomelea.

Euphrasia naye akaanza kutoka. Kila asubuhi alijifunga kitenge kichakavu, akapanda pikipiki ya watu wa machimbo, akarudi jioni miguu imepauka kwa udongo. Alisema amepata kibarua kwa mama lishe, anasonga ugali wa wachimbaji. Zipora alicheka moyoni. Mwanamke aliyeona jembe zito leo anasonga ugali wa watu mia? Lakini hakuuliza. Mchana nyumba ilikuwa yake, na hilo lilimtosha.

Mvua zikazidi. Sukari akabeba mimba tena, na mara hii Zipora alijiapiza kwamba hata unyoya wa kuku hautaingia kwenye kiota bila yeye kuukagua. Alikata majani mapema kabla mvua hazijachachamaa, akayakausha kwa jua la kuibia, akayapanga chini ya upenu.

Ndipo Euphrasia akaja na magunia.

Yalikuwa magunia ya katani ya zamani, mazito, yamekakamaa kwa udongo, mengine yametoboka. Pikipiki iliyoyaleta ililemewa. Euphrasia hakutaka kusaidiwa kuyashusha. Alizunguka nayo nyuma ya nyumba, akatafuta mahali pakavu, akaona ni pale chini ya upenu penye majani ya sungura. Akayachota majani yote kwa mikono miwili, akayatupa uani kwenye mvua, akapanga magunia yake.

Zipora alitoka jikoni akaona majani yake yanaelea.

"Nini hiki?"

"Magunia."

"Naona ni magunia. Majani yangu yamekukosea nini?"

"Majani ni majani, yamejaa pori zima. Kata mengine."

"Pori zima limelowa, Euphrasia! Sungura anakaribia kuzaa." Alimwita kwa jina, bila wifi wala dada, na wote wawili walisikia.

"Magunia yangu hayo nitaanikia mahindi. Usiyaguse. Nasema tena mbele ya Mungu, usiyaguse."

"Mahindi gani? Una shamba?"

"Yaya," Euphrasia alisema, hapana ya Kisukuma, ile inayotoka puani na kufunga mlango. "Hayakuhusu."

Hapo Euphrasia angesema neno moja tu la kweli, mambo yangekuwa mengine. Lakini mwongo akishazoea, hata ukweli wenye faida kwake anauona mchungu.

Kesho yake akaaga kwamba anakwenda Masumbwe, kuna msiba wa jirani yao, atalala huko. Alivaa gauni lake zuri. Zipora aliona gauni la msiba lina maua makubwa mekundu, akasema moyoni huyu marehemu lazima alikuwa mdeni wake. Kabla ya kupanda gari Euphrasia alirudi nyuma ya nyumba, akayafunika magunia kwa mfuko wa salfeti, akaubana kwa mawe.

Mchana ule Sukari alianza kujinyonyoa manyoya ya kifuani. Anayefuga sungura anajua maana yake: jike anatafuta kitu cha kuwalaza wanawe, na asipopata atazaa popote, hata juu ya waya mtupu. Alizunguka bandani na manyoya mdomoni, hana pa kuyaweka. Zipora alikwenda kwa jirani yake Zuwena kuomba majani ya banda la mbuzi, akaambiwa yote yamelowa, makavu hana. Alikwenda kwa seremala. Vumbi la mbao lilikuwa uji. Akarudi akasimama chini ya upenu, akautazama ule mfuko wa salfeti na yale mawe.

Hakuiba, tuelewane. Alisema kwa sauti, mbele ya kuku na dume jeusi, "Umetupa matandiko ya mwanangu, nami natandika ya kwako." Akatoa mawe.

Zipora hawezi kuweka kitu kichafu chini ya mnyama anayezaa. Magunia yalikuwa machafu sana, basi akayafua. Aliweka karai kubwa pale karibu na mtaro unaopeleka maji ya mvua barabarani, akachemsha maji, akatia sabuni ya unga. Gunia la kwanza lilitoa tope jeusi, zito, lililokaa chini ya karai kama unga wa chuma. Alilimwaga mtaroni, na maji ya mvua yakalichukua. Akasugua kwa brashi. Akapiga gunia juu ya jiwe, akalikung'uta, akalisuuza, akamwaga, akasuuza tena mpaka maji yakatoka meupe. Yote aliyafanya hivyo, mvua inamnyeshea mgongoni, na kadiri alivyochoka ndivyo hasira ilivyompa nguvu. Ilikuwa kazi safi. Nimesema Zipora ni fundi.

Jua halikuwepo, kwa hiyo akawasha pasi ya mkaa, akayapiga pasi yakiwa yanafuka mvuke mpaka yakakauka. Kisha akayakata vipande vya kukaa bandani, na kwa kuwa pamba ilikuwa imeshamfundisha nini uzi unaweza kufanya, akavikunja pindo vyote na kuvishona kwa cherehani, hakuna uzi uliobaki unaning'inia. Alivitandika viwili viwili, vipana chini, kingine akakikunja kuwa kiota. Sukari aliingia, akanusa, akapanga manyoya yake.

Jioni vitoto vilikuwepo, vyote hai, vimerundikana chini ya manyoya ya kijivu, vinacheza kwa joto. Zipora aliweka kiganja juu yao bila kuwagusa. Alifurahi mpaka akamsahau Euphrasia, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu mahindi yapaliliwe.

Euphrasia alirudi Jumamosi adhuhuri, mvua imekatika. Alirudi anatabasamu. Aliingia mpaka jikoni na kifurushi cha matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, akamkabidhi Zipora kwa mikono miwili.

"Nimekuletea, wifi. Najua kwenu mnapenda na maziwa."

Zipora alikipokea kifurushi kama mtu anayepokea nyoka kwenye gazeti. Tangu aolewe hakuwahi kupewa na Euphrasia hata tunda la porini.

"Msiba umekwishaje?"

"Msiba gani? Aah, umekwisha vizuri," Euphrasia alisema, akazunguka nyuma ya nyumba.

Zipora alihesabu hatua zake kwa masikio. Alisikia mfuko wa salfeti ukivutwa. Kisha sauti, haikuwa ya ugomvi hata kidogo, sauti ndogo kama ya msichana: "Wifi. Magunia yangu yako wapi?"

Zipora alikuwa na maneno yake tayari, ameyanoa. Alitoka, akafuta mikono kwenye kanga, akasimama kati ya Euphrasia na banda.

"Yako humo. Wamezaliwa juu yake. Ulitupa majani yangu."

Euphrasia alichungulia bandani. Aliona vile vipande, safi, rangi ya chai yenye maziwa, vimepindwa pembeni kwa uzi mweusi. Alishika nguzo.

"Uliyafua?"

"Niliyafua."

"Kwa maji?"

"Kwa maji ya moto na sabuni. Niliyasugua kwa brashi, nikayasuuza mara tatu mpaka maji yakawa meupe. Nikayapiga na pasi. Wewe uliniletea uchafu wa pamba, mimi sikuwatandikia uchafu."

"Maji uliyamwaga wapi?"

Zipora alinyoosha kidole kwenye mtaro. Euphrasia akaenda akapiga magoti mtaroni, na gauni lake la maua makubwa, akaanza kuchota tope kwa viganja, anachota na kutazama, anachota na kutazama. Hapo Zipora alielewa. Mtu hawezi kuishi Katoro miaka yote hiyo asielewe mwanamke anayetazama tope namna ile.

Wasiojua machimbo nitawaambia. Mawe ya dhahabu yakishasagwa kuwa unga, yanapelekwa mwaloni, mahali pa kuoshea. Pale kuna ubao wa mteremko uliotandikwa magunia ya katani, unga unamwagiwa maji, mchanga unateremka na dhahabu, kwa kuwa ni nzito, inanasa kwenye nyuzi za gunia. Gunia linakung'utwa kila siku, lakini halitoi yote. Chembe ndogo zinazidi kujificha ndani ya katani. Gunia likichakaa halitupwi. Linachomwa moto, na majivu yake yanaoshwa. Ndiyo malipo ya watu wengine.

"Hukuwa unapika," Zipora alisema.

"Kupika! Nimeinama mwaloni mpaka kiuno kimekufa. Nimeosha michanga ya wanaume, miguu imeoza kwa maji. Sikutaka pesa ya jioni jioni. Nilimwambia mwenye mwalo anilipe magunia akibadilisha. Akanipa."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme dhahabu kwenye nyumba hii? Edson angeomba ya kununulia mabati. Wewe ungeomba kodi ya chumba. Tena dhahabu haisemwi, ukiitaja inakimbia!"

"Basi imekimbia."

Hilo Zipora hakupaswa kulisema. Euphrasia aliinuka, mikono imejaa tope, akalirusha. Lilimpata Zipora kifuani na likaruka mpaka kwenye waya wa banda. Dume jeusi likapiga mguu sakafuni. Euphrasia akalikimbilia banda kung'oa mlango, Zipora akamshika kitambaa cha kichwa, na wanawake wawili wazima wakavutana uani kwa kelele ambazo Zuwena alizisikia juu ya ukuta, akalisikia na lile neno dhahabu.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini nenda ukawaambie watu wa Katoro. Haukupita muda Zuwena alikuwa ameingia na karai, nyuma yake mama wengine na makarai yao, na waendesha bodaboda wawili na koleo. Walichimba mtaro wote. Walichimba pale palipowekwa karai la kufulia, wakachimba chini ya jiwe la kupigia nguo, wakafika mpaka nguzo za banda, na banda likainamia upande mmoja. Hapo Zipora alikwenda kuuchukua ule mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa, akasimama mbele ya sungura wake. Walimtazama usoni, wakahamia upande wa pili. Walichopata wote, siku nzima, ni tope. Mvua ilikuwa imefanya kazi yake tangu katikati ya wiki.

Edson alirudi akakuta ua umepinduliwa kama shamba la mihogo. Euphrasia alimweleza, akasema kweli, hasara kubwa. Zipora alimweleza, akasema kweli, ungejuaje. Mwisho alisema jambo lake mwenyewe, na lilikuwa la haki: magunia arudishiwe mwenyewe, sungura wawekewe kitu kingine. Zuwena, kwa aibu ya kuchimba ua wa mwenzake, alileta majani makavu kutoka darini kwake, aliyosema siku ile hana. Zipora alijipaka mikononi majani ya sungura ili harufu yake isimtishe Sukari, akahamisha vitoto pamoja na manyoya yao, kimoja kimoja, akavitoa vipande na kumkabidhi wifi yake vimekunjwa.

Vilichomwa kwenye kipande cha bati. Euphrasia aliyaosha majivu kwenye karai kwa mikono ya mtu anayejua, anazungusha na kumwaga, anazungusha na kumwaga, mpaka chini pakabaki kitu cha kukaa kwenye ncha ya ukucha. Alikitazama. Kisha akakimwaga na maji yake.

Walikaa sebuleni jioni, watatu, taa imewashwa mapema. Edson aliwatazama kwa zamu, akauliza la kuuliza tu: "Sasa dada, ulikuwa unataka kuifanyia nini?"

Euphrasia hakumjibu Edson. Alimtazama Zipora.

"Sikwenda msibani. Nimepata chumba Masumbwe, nyuma ya soko, na kibanda cha kuuzia dagaa mbele yake. Nimezungumza na mwenyewe, tumekubaliana. Nilikuwa nichome magunia kesho, Jumatatu niondoke." Sauti yake ilikuwa haina hata ugomvi. "Nilikuwa nimechoka kulala kwa mtu asiyenisalimia."

Lile ombi la Zipora, alilolipeleka asubuhi na jioni, lilikuwa limejibiwa. Lilikuwa limepangwa chini ya upenu, limefunikwa vizuri na kubanwa kwa mawe, na yeye akalifua kwa mikono yake mpaka maji yakatoka meupe. Alitaka kumpiga Euphrasia, alitaka kujipiga. Alimchukia kwa kuja, na sasa alimchukia zaidi kwa kuwa alikuwa anaondoka.

"Mwenye mwalo," Zipora alisema mwishowe, "hawezi kukupa magunia mengine?"

"Ameshatandika mapya."

"Hayo mapya yanachakaa lini?"

"Yakitumika sana?" Euphrasia alivuta kigoda karibu na meza, akanyoosha miguu yake iliyoungua kwa maji. "Mwakani. Mvua kama hizi."

Edson alisema kweli, mwakani si mbali. Zipora akaenda jikoni, akainjika maji, akapima unga wa watu watatu.